Nta Chini ya Rangi

Neno la Kwaresima kutoka kwa Padre. Masomo: Ezekieli 13:10-15, Mathayo 5:23-24



Tangu mwezi wa Septemba watu kadhaa wameniuliza swali moja, wengine mlangoni baada ya Misa, wengine sokoni: Padre, lile gitaa la vijana lilikuwa jekundu siku ya Pasaka, linang'aa kama gari jipya, mbona sasa ni la rangi ya mti, tena lina vidoadoa kama viraka? Je, fedha ya rangi imekwisha? Nami nimekuwa nikijibu kwa kucheka, "Fundi amebadili nia." Jibu hilo si uongo, lakini si kweli yote. Na kwa kuwa tumeingia Kwaresima, nami ndiye ninayewaita mje kwenye maungamo, si haki nikae upande wangu na nusu ya jibu. Basi leo nitawaeleza habari ya gitaa hilo tangu mwanzo, na ndani yake mtaikuta habari yangu mwenyewe.

Mnalikumbuka benchi la upande wa kaskazini, la tatu kutoka mbele, lililovunjika mguu. Lilikuwa la mkangazi, mti mzuri, usiopindapinda ukishakauka. Na lile lilikuwa limekauka kwelikweli, maana limekaa kanisani miaka mingi kuliko umri wangu. Kijana mmoja wa kwaya yetu anayejifunza useremala aliniomba ubao wake wa kukalia. Alitaka kutengeneza gitaa la umeme, kwa sababu la kununua halikuwa katika uwezo wa kwaya, na la kuazima lilikuwa na mwenyewe ambaye kila Jumamosi jioni alilihitaji mahali pengine, msiniulize wapi.

Wazee wengine walishangaa: seremala atatengenezaje kitu cha umeme? Lakini gitaa la namna hii si kama lile la kawaida lenye tumbo wazi. Mwili wake ni ubao mzima. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na uzi unapotikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya ule, ukaenda kwenye kikuza sauti. Sumaku na vigingi vya kukazia nyuzi alivitoa kwenye gitaa bovu. Mwili aliuchonga mwenyewe kwa ubao wa benchi, shingo akaichonga kwa mninga, na pale vidole vinapokanyaga akabandika mpingo. Kazi yake ya mbao ilikuwa safi. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani kosa lilikuwa katika mikono yake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Benchi lile lilitolewa na familia moja ya mtaa huu, na mzee wa familia hiyo yu hai, tena mkewe marehemu alikuwa akiketi hapo hapo miaka yote ya ndoa yao. Ilinipasa kumwuliza. Walau kumwarifu. Nilijiambia benchi limevunjika, ni kuni tu, na kijana ana haraka. Mzee alikuja kupata habari ubao ukiwa umekwisha kukatwa. Jambo likafika Halmashauri, nami nikalimaliza kwa namna ambayo mapadre huijua sana: nilisimama, nikasema maneno mazuri juu ya vijana na kazi ya Mungu, nikamnyoshea mzee mkono mbele ya watu wote. Akaupokea. Nani atakataa mkono wa padre wake mbele ya Halmashauri? Nikamwambia katibu aandike: wamepatana.

Kosa la pili. Ubao wa benchi ulikuwa na matundu sita ya misumari, na upande mmoja dumuzi walikuwa wametoboa vitundu vingi vidogo. Kijana aliniuliza azibe kwa nini. Ilikuwa wiki moja kabla ya Juma Takatifu. Nilikwenda sakristia nikamletea vipande vya mishumaa vilivyobaki, nikamwambia ayeyushe nta azibie. "Rangi itafunika," nikamwambia. Maneno hayo nayakumbuka vizuri sana.

Sasa hapa inanipasa niwaeleze kidogo kazi ya kupuliza rangi, kama nilivyofundishwa baadaye na fundi wa gereji, maana bila kuijua hamtaona ubaya wa maneno yale.

Sisi tusiojua tunadhani rangi inayong'aa huuficha mti. Si hivyo. Rangi ya kung'aa ni kama kioo: hufuata kila bonde na kila kilima kilicho chini yake, kisha mwanga unapopita hukionyesha zaidi kuliko kilivyokuwa. Mkwaruzo wa msasa ambao huuoni kwenye mti mkavu utauona vizuri mno baada ya mkono wa tatu wa laka. Ndiyo maana fundi mwenye kazi yake huanza na msasa namba 120, akaja 180, kisha 220, na wengine huendelea hata 320, siku zote akifuata nyuzi za mti wala asizikate, na wala haruki namba, kwa sababu kazi ya kila msasa ni kuiondoa mikwaruzo ya ule uliotangulia. Tena mkangazi una vinyweleo vilivyo wazi kama ngozi ya mtu. Hivyo navyo hujazwa filla, hufutwa, huachwa vikauke, hupigwa msasa tena. Ndipo ije sila, ndipo ije rangi. Mtu wa haraka akitazama ataona siku zimepita wala hakuna hata tone la rangi, naye atadhani hakuna kilichofanyika.

Laka tuliyoitumia ni ile ya kale ya nitroselulosi, ambayo asili yake ni pamba au nyuzi za mti zilizotiwa asidi, kisha zikayeyushwa. Zamani ndiyo iliyopakwa magari. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, kiwanda cha Leo Fender (ambaye, ajabu, yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa) kilikuwa kikipuliza magitaa yake kwa rangi za magari za DuPont. Kwa hiyo kijana wetu hakupotea njia alipokwenda gereji kuazima kompresa na bunduki ya rangi. Alikwenda kwa ndugu zake.

Laka hii hukauka kwa thina kuruka hewani. Sasa thina irukapo upesi hupoza mahali pale, kama vile mtungi unavyopoa kwa maji yanayotoka jasho nje yake. Na hewa ikiwa imejaa unyevu, unyevu ule hutua juu ya laka mbichi ukanaswa. Laka hugeuka nyeupe kama maziwa. Basi fikirini Tanga, mwezi wa Aprili, masika yamekaza, mvua imeanza tangu alfajiri, na siku tuliyoichagua sisi ni Jumamosi Takatifu. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha tangaza Jumapili ya Matawi kwamba gitaa litapigwa Pasaka.

Alipulizia katika ghala nyuma ya sakristia, dirisha limefungwa ili mvua isiingie, kitambaa amejifunga puani. Ndugu zangu, mvuke wa laka hushika moto kwa cheche ndogo kabisa. Kitambaa huzuia vumbi, hakizuii mvuke. Na chumba cha pili watumishi wa altare walikuwa wakiandaa makaa ya chetezo na moto wa Mkesha. Nilipita pale mara mbili, nikaisikia harufu, na sikusema neno, maana nililitaka gitaa. Baadaye kijana alitoka nje akiyumba, akakaa chini ya mwembe, akatapika. Mungu alituhurumia, na sisemi hivyo kwa mazoea ya kusema. Wazazi, shikeni jambo hili hata kama mengine mtayasahau: kazi ya kupuliza ifanyike penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Asiye na barakoa hiyo apake vanishi kwa brashi, Mungu hatalipenda gitaa lake pungufu.

Jioni ile rangi nyekundu ilikuwa kama sharubati iliyomwagiwa maziwa. Kijana aliisugua na dawa ya kung'arisha usiku kucha, na asubuhi, kwa mtu aliye mbali kidogo, ilipendeza. Ilipigwa. Mlipiga makofi. Nami nilifurahi kama mtoto. Mzee yule alikuwa kanisani akisimama na kupiga magoti pamoja nasi, lakini hakuja kwenye Komunio. Nilimwona, nimeshika sahani, macho yangu yakaenda kwa mwingine. Mwajua tunavyojifunza kutoona.

Ilipokaribia Pentekoste kijana alikuja ofisini akaniwekea mezani kipande cha rangi kikubwa kama sarafu. Kilibanduka kwa ukucha tu. Mahali pote penye tundu, rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge, na chini yake palikuwa na nta yangu, nyeupe, safi, kama siku ile nilipoitoa sakristia. Laka haishiki juu ya nta. Hukaa juu yake kama mgeni asiyekaribishwa, ikingoja siku ya kuondoka. Pengine palikuwa na mikwaruzo ya msasa wa kukwaruza, iliyokata nyuzi za mti, ambayo siku ya Pasaka haikuonekana. Laka huendelea kunywea kwa majuma mengi baada ya kukauka juu, na inaponywea huingia mabondeni, na mabonde yakajitokeza. Na shingo ilikuwa bado inanata, maana alifunga nyuzi siku ya pili yake, laka ikiwa bado mbichi ndani. Nayo ilikuwa na alama za kitambaa alicholifungia, kila uzi wa kitambaa umechapwa pale kama muhuri.

"Padre," akasema, "nipulize mkono mwingine juu yake?"

Nami nilikuwa nimekwisha fungua kinywa kusema ndiyo.

Ila juma lile nilikuwa nikimsoma nabii Ezekieli. Mtaikuta habari yenyewe katika sura ya kumi na tatu. Watu wamejijengea ukuta dhaifu. Na manabii, badala ya kuwaambia kwamba ukuta haufai, wakaja na chokaa wakaupaka ukawa mzuri, wakatangaza amani mahali ambapo haikuwapo. Bwana anasema atatuma mvua ya gharika, na mawe ya barafu, na upepo. Ukuta utaanguka hata msingi wake uonekane, na watu watauliza, chokaa yenu iko wapi? Angalieni hasira ya Bwana iko juu ya nani. Aliyejenga vibaya anatajwa, lakini anayekemewa zaidi ni mwenye ndoo ya chokaa. Nilikitazama kile kipande chekundu mezani, nikalikumbuka lile neno katika kitabu cha Halmashauri: wamepatana. Nani aliliandikisha? Mwenye ndoo ni mimi.

Tulilichukua gitaa gereji. Fundi alicheka kwanza, na akaendelea kucheka muda mrefu kuliko ilivyopasa, kisha akatueleza jambo ambalo sijapata kulisikia chuoni nilikosomea uchungaji. Alisema weupe ule wa maziwa si ugonjwa mkubwa. Laka hii ya kale ina tabia njema: mkono mpya ukiletwa huyeyusha kidogo ule wa chini, viwili vikawa kitu kimoja, kwa hiyo unyevu ulionaswa unaweza kufunguliwa. Akachukua thina ile inayokauka polepole, akapuliza ukungu mwembamba kwenye kona moja ya gitaa, na mbele ya macho yetu weupe ukatoweka kama umande. Halafu akaweka kidole kwenye lengelenge. "Hapa," akasema, "hata upulize mikono mia. Kilicho chini kimekataa."

Nimelifikiri sana neno la fundi yule. Ziko dhambi zetu ambazo ni za hali ya hewa, tuseme. Umeamka vibaya, umemjibu mkeo kwa ukali, umekuwa mvivu wa sala kwa kuwa joto ni kali. Zinakutia weupe, huonekani kama ulivyo. Lakini sala ya jioni, neno la toba, kumwambia mwenzako niwie radhi, na zinayeyuka. Msizidharau, ila msizihofu. Lakini ziko nyingine ambazo tuliziweka kwa mikono yetu wenyewe, tukijua, tukazisawazisha vizuri na ubao, kisha tukapaka juu. Urithi uliogawanywa usiku. Fedha ya chama iliyoandikwa imetumika. Mtoto ambaye baba yake anajulikana na kila mtu isipokuwa kwa jina. Na mkono aliopewa mzee mbele ya Halmashauri. Juu ya hizo tunapuliza: tunatoa sadaka kubwa zaidi, tunaingia kamati nyingine, tunaimba kwa sauti. Mikono yote hiyo ni mizuri, tena ni rangi halisi. Haishiki.

Na Bwana wetu alikwisha kusema lililo la kufanywa. Katika sura ya tano ya Mathayo anamsema mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni, na pale pale akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Hasemi mtu huyo atoe kwanza kisha aende. Anasema aiache sadaka pale pale, aende akapatane, ndipo arudi aitoe. Jambo moja linanishangaza hapo kila ninaposoma: hakusema "ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako." Hilo tungelifurahia, maana sote tuna orodha. Alisema ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako. Gitaa lile lilikuwa sadaka ya madhabahuni. Nami nilijua ni nani mwenye neno.

Nilikwenda kwa mzee jioni ya Jumatatu, kwa miguu. Nilipiga hodi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Padre. Karibu kiti."

Nilikaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, yakapotea. Nikamwambia, "Mzee, nilichukua benchi la marehemu mama bila kukuuliza. Kisha nikaandikisha kwamba tumepatana, na hatukupatana. Nimekuja kuomba radhi kwa yote mawili."

Alinyamaza kitambo kirefu. Kuku walipita. Mwisho akasema, "Mkono ule nilikupa kwa ajili ya kola yako."

"Nilijua, Mzee."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile."

Akatikisa kichwa. "Benchi ningelitoa," akasema. "Ungekuja kama ulivyokuja leo, ningelitoa, na msumari ningekung'olea mimi. Lakini hata hodi, Padre?" Kisha, baada ya muda mwingine, akaniuliza gitaa lenyewe liko wapi.

Baadhi yenu hamjui, kwa kuwa mmehamia karibuni, kwamba mzee huyu alipokuwa na nguvu kazi yake ilikuwa samani, na hasa kuzipaka. Juma lililofuata alikuja uani kwa kijana na mfuko wenye vipande vya kioo kilichovunjika, msasa, vitambaa safi vingi, na tochi. Hakutoa hotuba. Alimwonyesha namna ya kushika kioo kwa kitambaa nene na kuparua laka yote, tangu mwanzo hata mwisho, bila kuacha hata pale palipoonekana pazuri. Kijana alitaka kuacha upande wa nyuma, ambao haukuwa na tundu hata moja. Mzee akamwambia paruza. Siku nne.

Nta waliitoa kwa kuchokoa, kisha wakapanua kila tundu kwa keekee mpaka wakafika kwenye mti mzima, wakafuta kwa thina, kila mara kwa kitambaa kipya, maana kitambaa kilichokwisha kushika nta huirudisha pale pale na kuieneza. Halafu mzee akauliza mguu wa benchi uliovunjika uko wapi. Ulikuwa bado ghalani. Akachonga vijiti vya kuzibia matundu kutoka mguu ule ule, akavitia gundi, akivigeuza mmoja mmoja ili nyuzi zake zielekee kama nyuzi za ubao.

(Hapa niweke neno la pembeni. Mwaka 1963 kijana mmoja Mwingereza, Brian May, pamoja na Harold baba yake, walianza kutengeneza gitaa la umeme nyumbani kwao, wakatumia kama miaka miwili. Shingo waliichonga kwenye mbao ya mahogani, ndugu yake mkangazi, iliyotoka katika fremu ya meko kuukuu, na springi zilitoka katika pikipiki ya zamani. Ubao ule nao ulikuwa na matundu ya wadudu, nao waliyaziba kwa njiti za kiberiti: mti kwa mti. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa kundi la Queen, pamoja na mwimbaji wao Freddie Mercury aliyezaliwa hapo Unguja mwaka 1946. Na mwaka 2002 alilipiga gitaa lile lile juu ya paa la jumba la Buckingham katika jubilei ya Malkia Elizabeth. Njiti za kiberiti zilistahimili. Sisi tulitumia mishumaa ya altare, ambayo ni vitu vitakatifu zaidi, na haikustahimili miezi miwili.)

Kuhusu tochi. Kijana alikwisha kupiga msasa, akaita tuje tuone. Juu palikuwa na taa ya dari, na ubao ulikuwa laini kama yai. Mzee akazima taa. Akaiweka tochi ubavuni mwa ubao, mwanga ukapita sambamba na uso wake, na ghafla tukaona mikwaruzo kama matuta ya shamba. "Taa ya juu hukusifu," akasema. "Iweke ubavuni." Nimeliiba neno hilo kwa ajili ya maungamo. Watu wengi hujichunguza kwa taa ya juu: mimi siibi, mimi siui, mimi huja kanisani. Chukua mwanga uuweke ubavuni. Mtumishi wa nyumbani kwako anasema nini juu yako? Mwenye duka anayekudai? Yule ambaye akisikia unakuja hunyamaza?

Rangi waliipuliza mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, hewa ikiwa kavu kuliko miezi mingine, chini ya banda la wazi la gereji. Walingoja jua lipande na umande uishe, na kila asubuhi walimwaga maji yaliyojikusanya katika tangi la kompresa, maana nayo yangetoka kwa matone pamoja na rangi. Pale pa mpingo walipafunika kwa utepe, kwa kuwa mpingo hauhitaji laka. Mahali shingo inapokaa ndani ya mwili walipafunika pia: rangi ikiingia hapo shingo haikai sawasawa. Fundi alimfundisha kijana kushika bunduki umbali wa kama sentimita 15 mpaka 20, kuanza kupuliza kabla ya kufika kwenye mti na kuacha baada ya kuupita, mkono ukienda sawa bila kuzunguka kwenye kifundo, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Ukisimama mahali pamoja rangi hutiririka kama machozi. Ukienda mbali sana, au rangi ikiwa nzito, uso hutoka na vipele kama ganda la chungwa. (Mimi mhubiri nilijisikia nasemwa: tunaposhindilia jambo moja juu ya mtu mmoja, huwa tunaharibu vivyo hivyo.) Mikono mitatu kwa siku, kila mmoja mwembamba, saa mbili kati yake; kisha kupumzika siku moja na kupiga msasa kidogo. Jumla ilikuwa mikono tisa, na yote pamoja ni unene wa karatasi chache tu.

Kijana alitaka nyekundu tena. Mzee akasema, "Mama yenu alikaa hapa. Nataka nimwone." Ndiyo maana, ninyi mlioniuliza, gitaa sasa ni la rangi ya mti. Laka ni nyeupe ya kuonea. Vile vidoa sita vya duara ni vile vijiti vya mguu wa benchi, na vile vidogo upande wa chini ni nyumba za dumuzi, zilizozibwa moja moja. Tena mkilitazama karibu mtaona ndani ya vinyweleo vya mti bado iko nyekundu kidogo ambayo kioo hakikuweza kuitoa. Itakaa hapo.

Baada ya hayo lilitundikwa kwa waya chumbani kwa kijana mwezi mzima, bila kuguswa. Huu ndio mwezi ulionishinda. Nilikwenda mara nyingi. Mzee alitupa kipimo: weka pua karibu, ukisikia thina, bado. Laka huwa kavu juu siku ya kwanza, ikidanganya, na ndani inaendelea kufanya kazi yake usiku na mchana. Basi padre na kijana na wakati mwingine mama yake tulikuwa tukipanga mstari kunusa gitaa. Mwisho wa Agosti halikunuka kitu. Ndipo likapigwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1000, kisha 1200, polepole na kwa uangalifu kwenye kona, maana kona huisha upesi. Na hata hivyo kona moja iliisha, ikabidi irudiwe. Kisha likang'arishwa. Mgongo wa shingo peke yake hawakuung'arisha. Waliupiga msasa laini ukawa hauna mng'ao, kwa sababu hapo hapatazamwi na mtu. Hapo ndipo mkono unapopita, na rangi ya kung'aa huushika mkono wenye jasho usiteleze.

Katika kikao cha Halmashauri cha Septemba niliomba lile neno lifutwe katika kitabu. Katibu aliniambia kumbukumbu hazifutwi. Basi tukaandika chini yake yale yaliyotokea, na mzee na mimi tukatia sahihi.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamwuliza. Huketi nyuma sasa, karibu na mlango. Benchi jipya lililowekwa mahali pa lile la zamani hajalikalia. Alirudi kwenye Komunio Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Kwaresima hii nitakaa kanisani kwa ajili ya maungamo kila Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri mpaka watu waishe. Mimi mwenyewe nimekwisha kupatana na padre wa mtaa wa jirani. Nitakwenda kwake kwanza, kabla ya Jumamosi ya kwanza. Na vijana wawili walioniambia wanataka kutengeneza magitaa yao, mzee amekubali kuwafundisha kupiga msasa. Nendeni jioni, baada ya saa kumi na moja, na mbishe hodi.

Ndimi Padre wenu.